Mzazi amekuachia kidogo kwenye wosia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kupinga wosia nchini Kenya

Majibu haya yanahusu Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Yameandikwa kwa ajili ya mtoto aliyesomewa wosia akakuta ametupiwa makombo, au hakutajwa kabisa. Neno «granti» humu ni ile hati ambayo mahakama humpa mtekelezaji wa wosia au msimamizi wa mirathi ili ashughulikie mali ya marehemu.

Je, mzazi anaruhusiwa kuninyima urithi?

Anaruhusiwa kuandika hivyo. Kifungu cha 5 kinampa kila mtu mzima mwenye akili timamu uhuru wa kugawa mali yake kwa wosia apendavyo. Lakini uhuru huo una mpaka. Katika kesi ya Ndolo ya mwaka 1996, ambayo mawakili wa mirathi huitaja karibu kila wiki, Mahakama ya Rufaa ilisema kwamba mwenye kuandika wosia lazima autumie uhuru wake kwa uwajibikaji, na hana haki ya kuwaumiza watu waliokuwa chini ya jukumu lake alipokuwa hai. Mpaka wenyewe umewekwa na kifungu cha 26: mtegemezi ambaye hakuachiwa kiasi cha kuridhisha anaweza kuiomba mahakama imtengee fungu kutoka kwenye mali.

Kupinga wosia na kuomba fungu chini ya kifungu cha 26 si jambo moja?

Ni mambo mawili tofauti, na kuyachanganya ndiko kunakoziua kesi nyingi.

Ukipinga wosia, unadai kwamba ile karatasi haina nguvu: saini ni ya kughushi, mashahidi hawakutimia, mzazi hakuwa na akili timamu, au alilazimishwa. Ukishinda, wosia unaanguka wote, pamoja na mafungu ya kila mtu aliyetajwa ndani yake.

Ukiomba fungu, unakubali kwamba wosia ni halali na mzazi alijua anachofanya. Malalamiko yako ni kwamba alichokuachia hakitoshi. Ukishinda, wosia unabaki, ila mahakama inaurekebisha ili upate sehemu yako.

Mtu aliyekasirika hukimbilia njia ya kwanza, kwa sababu ndiyo inayolingana na hasira yake. Mara nyingi ya pili ndiyo inayomfaa, na kuna hesabu ya kufanya kabla ya kuchagua. Tuseme baba ameacha shamba na ploti za thamani ya Sh12 milioni, mjane mmoja na watoto wanne, na wewe umeandikiwa Sh100,000. Ukiuangusha wosia, na hakuna mwingine wa awali, mali inagawanywa kana kwamba hakuandika chochote. Kifungu cha 35 kinampa mjane vyombo na vitu vya nyumbani viwe vyake kabisa, na haki ya kutumia mali yote iliyobaki kwa maisha yake. Watoto hugawana sawasawa haki hiyo ya mjane inapokoma. Ile Sh3 milioni unayoipigia hesabu ipo, lakini huenda ukaingoja miaka ishirini. Fungu la kifungu cha 26 linaweza kutolewa sasa.

Kama hakuna mjane wala mume aliyebaki, hali inabadilika: kifungu cha 38 kinawagawia watoto sawasawa moja kwa moja, na hapo kuuangusha wosia kunaweza kuwa na faida kubwa. Kama baba alikuwa na wake wawili au zaidi, kifungu cha 40 hugawa kwanza kwa nyumba kulingana na idadi ya watoto, huku kila mke aliye hai akihesabiwa kama kichwa kimoja zaidi katika nyumba yake. Nyumba yenye watoto saba na mama yao ni vichwa vinane. Yenye watoto wawili na mama yao ni vitatu. Ukitoka nyumba ndogo, piga hesabu hiyo kabla ya kumlipa wakili.

Pia uliza kama kuna wosia wa zamani zaidi. Wosia mpya ukitangazwa kuwa batili, ule wa zamani ambao ungefutwa na huo mpya unarudi mezani, na huenda ni mbaya zaidi kwako.

Inawezekana kuleta hoja zote mbili: kwanza kwamba wosia ni batili, na la pili kwamba hata ukionekana kuwa halali, haukukutendea haki. Wakili mzoefu huziandika kwa mpangilio huo ili zisipingane.

Nina muda gani?

Kifungu cha 30 kinasema hakuna ombi la fungu la mtegemezi linaloweza kuletwa baada ya granti kuthibitishwa. Mlango ukifungwa hapo, kifungu chenyewe hakikupi nafasi ya kuomba muda wa ziada.

Mfuatano wake ni huu. Mtekelezaji wa wosia anawasilisha ombi mahakamani. Tangazo linachapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, likitoa muda usiopungua siku 30 kwa yeyote mwenye pingamizi. Pasipo pingamizi, granti inatolewa. Miezi 6 baada ya granti kutolewa, mwenye nayo anaomba ithibitishwe, kisha ndipo mali inagawanywa na hati za ardhi zinabadilishwa majina.

Wengi husikia «miezi sita» na kudhani wana miezi sita kamili tangu mazishi. Hesabu hiyo ina makosa mawili. Miezi hiyo huanza siku granti ilipotolewa, hata kama mzazi alifariki miaka mitatu kabla. Isitoshe, kifungu cha 71 kinairuhusu mahakama kuufupisha muda huo na kuthibitisha mapema ikiona sababu. Basi usipange kwa kalenda. Peleka ombi lako mara tu unapojua kesi imefunguliwa.

Kwa anayepinga uhalali wa wosia, nafasi nzuri ni ndani ya zile siku 30 za tangazo. Pingamizi huwasilishwa kwa maandishi, likifuatiwa na jibu lako kwa ombi la mtekelezaji na ombi lako la kukinzana nalo. Wanaoleta pingamizi wakasahau hizo hati mbili zinazofuata hushangaa kuona granti imetolewa kana kwamba hawakusema kitu.

Nitajuaje kama ndugu zangu wamefungua kesi ya mirathi?

Gazeti Rasmi hutoka kila Ijumaa na linasomeka bure mtandaoni. Tafuta jina la marehemu kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, kisha litafute tena kwa namna nyingine zote lililowahi kuandikwa: jina la ubatizo mbele, jina la ubatizo nyuma, herufi iliyoachwa. Tangazo hutaja jina la marehemu, tarehe ya kifo, jina la mwombaji na mahakama iliyopokea ombi.

Ukiwa na namba ya kesi, nenda masijala ya mahakama hiyo uombe kulisoma faili. Wosia unaoombewa granti huwekwa humo, na una haki ya kupata nakala yake kwa kulipa ada. Soma nakala hiyo mwenyewe. Uliyosomewa sebuleni siku ya arubaini huenda si yote yaliyoandikwa.

Kama hujaona tangazo lakini una wasiwasi, unaweza kuweka kaveati mahakamani. Hii ni hati inayotaka ujulishwe kabla granti haijatolewa. Kama mtekelezaji ameukalia wosia na hafungui kesi, unaweza kuiomba mahakama imwite aje akubali au akatae kazi hiyo.

Ni nani anayehesabiwa kuwa mtoto?

Chini ya kifungu cha 29, watoto wa marehemu ni wategemezi, wawe walikuwa wakitunzwa naye hadi kifo chake au la. Mtoto mwenye umri wa miaka 45, mwenye kazi na nyumba yake, bado anaruhusiwa kuleta ombi.

Kifungu cha 3 kinamjumlisha mtoto aliyekuwa tumboni mzazi alipofariki. Kwa upande wa mama, kinamjumlisha kila mtoto aliyemzaa, ndani au nje ya ndoa. Kwa upande wa baba, mtoto wa nje ya ndoa anahesabiwa kama baba alimtambua waziwazi, alimkubali kwa vitendo, au alijitwika jukumu la kudumu juu yake kwa hiari. Aliyeingia kwa njia hiyo ana haki sawa na aliyezaliwa ndani ya ndoa.

Mtoto wa kambo na mjukuu wana mzigo wa ziada: lazima waonyeshe kwamba marehemu alikuwa akiwatunza hadi karibu na kifo chake.

Mimi ni binti niliyeolewa. Baba aliandika kwamba mabinti walioolewa wasipewe ardhi. Nina kesi?

Unayo. Sheria ya Urithi haibagui kati ya mwana na binti, aliyeolewa na asiyeolewa, na Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza ubaguzi wa aina hiyo. Mahakama ya Rufaa ililiweka wazi jambo hili mapema, mwaka 2005, katika kesi ya Rono ambapo mabinti walipewa sawa na wana. Kesi ile ilihusu mali isiyo na wosia, kwa hiyo haimaanishi kwamba kila wosia lazima ugawe sawa. Lakini sababu pekee ya mzazi ikiwa ni kwamba «atarithi kwa mumewe», basi amekuachia hoja nzuri kuliko alivyodhani.

Mahakama huangalia nini ikiamua kama nilichoachiwa kinatosha?

Kuwa mtoto kunakuingiza mlangoni tu. Baada ya hapo, hakimu au jaji hupitia mambo yaliyotajwa katika kifungu cha 28. Ukubwa na aina ya mali. Mapato na mali yako ya zamani, ya sasa na unayoitarajia. Mahitaji yako ya sasa na ya baadaye. Ulichopewa na mzazi akiwa hai. Mwenendo wako kwake. Hali ya wategemezi wengine na ya waliotajwa kwenye wosia. Mwisho, mazingira yote ya kesi, pamoja na sababu za mzazi za kukuacha nje ikiwa zinaweza kujulikana.

Matatu kati ya haya huamua kesi nyingi.

La kwanza ni zawadi za uhai, yaani alizotoa mzazi akiwa hai. Kama baba alikukatia ekari mbili mwaka ulipooa, au aliuza ng'ombe ukaenda kusoma nje, sema hivyo kwenye kiapo chako cha kwanza (maelezo ya maandishi unayoyaapia na kuyapeleka mahakamani), taja kiasi, kisha eleza wengine walipata nini. Ukinyamaza, wakili wa upande wa pili ataleta hati miliki yenye jina lako na tarehe, na kuanzia hapo hakuna neno lako litakaloaminiwa.

La pili ni mahitaji. «Mimi ni mtoto wake kama wengine» haitoshi. Andika mapato ya mwezi, kodi ya nyumba, karo, dawa, ulemavu kama upo, na kama unaishi kwenye kipande cha ardhi ambacho wosia umempa mwingine. Anayeishi na kulima kwenye shamba lenyewe kwa miaka mingi ana hoja ambayo ndugu wa mjini hana.

La tatu ni sababu za mzazi. Wosia ukisema «sijamwachia fulani kitu kwa sababu nilimlipia masomo ya juu na kumjengea nyumba», jaji ataipima sababu hiyo dhidi ya ushahidi. Ikiwa ya kweli, ombi lako linadhoofika. Ikiwa ya uongo, kwa mfano anadai ulimpiga ilhali wewe ndiye uliyekuwa ukimpeleka kliniki kila mwezi, unaweza kuibomoa kwa kadi za kliniki, risiti na mashahidi.

Naweza kupewa kiasi gani?

Hakuna asilimia iliyowekwa. Kifungu cha 27 kinaipa mahakama uhuru kamili: inaweza kukupa sehemu maalumu ya mali, fedha za mkupuo mmoja, au malipo ya vipindi, tena kwa masharti. Usitegemee mgawo sawa na ndugu zako. Swali lililo mbele ya mahakama ni kiasi cha kuridhisha kwako, na mzazi bado ana nafasi ya kumpendelea mtoto mmoja.

Omba kitu mahususi. «Ekari moja na nusu upande wa mto, mahali nyumba yangu ilipo» ni ombi ambalo jaji anaweza kuliandikia amri. «Haki yangu» si ombi.

Niwasilishe hati gani?

Kama kesi ya mirathi imeshafunguliwa na granti haijathibitishwa, ombi la kifungu cha 26 huletwa kwa samansi, yaani hati ya maombi inayowaita wahusika mbele ya mahakama, ndani ya faili hilohilo. Kama hakuna aliyeomba granti, linaletwa kama ombi linalojitegemea. Vyovyote vile, nguvu yote iko kwenye kiapo kinachoambatanishwa. Viapo vingi huharibika kwa kuwa na kurasa sita za lawama za kifamilia na aya moja ya takwimu. Chako kifanye kinyume. Aya za mwanzo zithibitishe wewe ni nani: cheti cha kuzaliwa, au kama hakipo, kadi ya ubatizo, fomu ya shule yenye jina la mzazi, ratiba ya mazishi iliyoorodhesha watoto, tangazo la tanzia gazetini. Hiyo ratiba ya mazishi si kitu cha kudharau. Ndugu aliyeiandika mwenyewe na kukuweka namba tatu kati ya watoto hawezi baadaye kudai hakujui.

Kisha ije orodha ya mali, kila ardhi na namba yake ya usajili, matokeo ya upekuzi wa afisi ya ardhi na makisio ya thamani. Ifuate jedwali la nani amepewa nini na wosia na kina thamani gani. Kisha mapato na matumizi yako pamoja na vithibitisho. Kisha zawadi za uhai, zako na za wengine. Mwisho, unachoomba.

Nataka kuupinga wosia wenyewe. Ni kasoro gani huuangusha?

Kifungu cha 11 kinataka mambo machache, lakini ni ya lazima. Mwenye wosia atie saini au alama, au mtu mwingine amtilie mbele yake na kwa maagizo yake. Wawepo mashahidi wawili au zaidi, kila mmoja awe alimwona akitia saini au alisikia kutoka kwake mwenyewe kwamba ile ni saini yake. Kila shahidi atie saini mbele ya mwenye wosia.

Nguvu ya pingamizi iko hapo: muulize kila shahidi, peke yake, alikuwa wapi, nani alikuwepo, na kalamu ilishikwa na nani. Shahidi anayesema «niliitwa afisini kwa wakili baadaye nikasaini, mzee hakuwepo» ameuangusha wosia.

Kuna mambo ambayo watu hudhani ni kasoro kumbe si kitu. Mashahidi si lazima wawe pamoja kwa wakati mmoja. Wosia si lazima uandikwe na wakili wala kusajiliwa popote. Alama ya kidole gumba inatosha. Mtekelezaji anaweza kuwa shahidi.

Shahidi aliyepewa kitu na wosia ni suala jingine. Chini ya kifungu cha 13, fungu lake, au la mkewe au mumewe, ni batili isipokuwa kama kuna mashahidi wengine wawili huru. Wosia uliobaki unasimama. Kama kaka aliyepewa nyumba ya mjini ndiye mmoja wa mashahidi wawili tu, hoja hiyo peke yake inaweza kuirudisha nyumba.

Angalia pia tarehe ya ndoa. Kifungu cha 19 kinasema wosia hufutika mwenye kuuandika akifunga ndoa baadaye, isipokuwa kama uliandikwa kwa kutazamia ndoa hiyo na mtu aliyetajwa.

Ninaamini saini si ya mzazi.

Imani haitoshi. Mtaalamu wa maandishi anahitaji wosia halisi, kwa kuwa nakala ya fotokopi huficha mkandamizo wa kalamu. Anahitaji pia saini kadhaa zisizo na ubishi za kipindi kilekile: hundi, fomu za benki, mikataba ya ardhi. Saini ya mwaka 1990 haifai kulinganishwa na ya mzee aliyepata kiharusi mwaka 2018. Omba amri ya mahakama ya kuutoa wosia halisi uchunguzwe kabla hujalipia ripoti.

Alikuwa mgonjwa sana alipoandika. Au: ndugu yangu alimshawishi.

Sheria inamchukulia mwandishi wa wosia kuwa mwenye akili timamu, na kifungu cha 5 kinamtwika mzigo wa kuthibitisha vinginevyo yule anayedai. Kipimo ambacho mahakama zetu hutumia kinatoka kesi ya Uingereza ya Banks v Goodfellow ya mwaka 1870: je, alielewa kwamba anaandika wosia, alijua takriban ana mali gani, aliwakumbuka watu wanaostahili kufikiriwa, na hakuwa na ugonjwa wa akili uliopotosha mgawo? Uzee na kitanda cha hospitali peke yake havitoshi. Kinachopimwa ni siku ya kusaini. Omba kumbukumbu za hospitali za wiki hiyo, pamoja na dawa alizokuwa akipewa.

Kuhusu ushawishi, kifungu cha 7 kinabatilisha wosia uliopatikana kwa udanganyifu, kulazimishwa, kusumbuliwa hadi mtu kukosa hiari yake, au kwa makosa. Kubembeleza au kumtunza mzazi vizuri kwa kutegemea urithi si kulazimisha. Dalili zenye uzito ni kama hizi: mnufaika ndiye aliyemtafuta wakili, ndiye aliyetoa maagizo, alikaa chumbani wakati wa kusaini, na alikuwa amewazuia ndugu wengine kumwona mzazi.

Mama alisema kwa mdomo kwamba shamba ni langu. Je, hilo lina nguvu?

Wosia wa mdomo unakubalika chini ya kifungu cha 9 ukisemwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na msemaji akafariki ndani ya miezi 3 tangu kuusema. Akiishi miezi minne, umekufa. Hata ukiwa hai, hauwezi kuufuta wosia wa maandishi. Basi kama kuna karatasi halali inayosema vingine, maneno ya mama yatakusaidia tu kama ushahidi wa nia yake katika ombi la kifungu cha 26.

Ni mali gani ninayoweza kudai?

Ile tu ambayo marehemu alikuwa na uwezo wa kuigawa alipofariki, baada ya kutoa madeni na gharama za mazishi. Ardhi iliyosajiliwa kwa umiliki wa pamoja usiogawanyika humwendea mwenzake aliyebaki. Akiba ya SACCO na mafao ya pensheni kwa kawaida humwendea mtu aliyeandikwa kwenye fomu ya uteuzi, hata kama wosia unasema vingine. Bima ya maisha yenye mnufaika aliyetajwa vilevile.

Shamba alilolihamisha mzazi akiwa hai limetoka kwenye mirathi. Kulirudisha kunahitaji kuthibitisha kwamba uhamisho wenyewe ulikuwa na dosari, na hiyo kwa kawaida ni kesi ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kwa ardhi ya kilimo, anza kwa kuuliza kama Bodi ya Udhibiti wa Ardhi ilitoa kibali.

Familia yetu ni ya Kiislamu. Haya yanatuhusu?

Kwa sehemu ndogo. Kifungu cha 2 kinaweka urithi wa Mwislamu chini ya sheria ya Kiislamu, kwa hiyo kifungu cha 26 si njia yenu. Lakini huko kinga ya mtoto ni kubwa zaidi: wosia hauzidi theluthi moja ya mali, na mrithi hausiwi juu ya fungu lake ila kwa ridhaa ya warithi wengine. Theluthi mbili hugawanywa kwa mafungu yaliyowekwa, mwana akipata mara mbili ya binti. Mahakama ya Kadhi husikiliza pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda huko.

Kesi inakwenda mahakama gani?

Inafuata thamani ya mali. Hakimu Mkuu husikiliza mirathi isiyozidi Sh20 milioni, na mahakimu wa ngazi za chini wana viwango vyao, hadi Sh5 milioni kwa Hakimu Mkazi. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Kwa mahakama ya hakimu, kituo ni kile cha mahali marehemu alipokuwa akiishi mwisho. Ukiona mali imekisiwa chini mno kwenye faili, pinga mapema. Hukumu ya mahakama isiyo na mamlaka ni bure.

Wameanza kuuza ardhi kabla kesi haijaisha.

Kugusa mali ya marehemu bila mamlaka ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 45, lenye faini isiyozidi Sh10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Faini hiyo haimtishi mtu anayeuza ploti ya mamilioni. Kinachofanya kazi ni zuio kwenye rejista ya ardhi, ambalo linaweza kuwekwa upesi, pamoja na amri ya mahakama ya kuhifadhi mali hadi kesi iamuliwe. Fanya vyote viwili, kwa sababu kifungu cha 93 humlinda mnunuzi aliyeuziwa na mwenye granti, hata granti hiyo ikifutwa baadaye.

Granti imeshathibitishwa. Kuna kilichobaki?

Ombi la fungu limefungwa. Kinachobaki ni kifungu cha 76, kinachoruhusu granti kufutwa wakati wowote ikiwa ilipatikana kwa udanganyifu, kwa kuficha jambo la msingi, au kwa utaratibu wenye kasoro kubwa. Kiapo cha kuomba uthibitisho kinatakiwa kuwataja watoto wote wa marehemu. Kama jina lako liliachwa makusudi, hiyo ndiyo hoja. Kama jina lako lipo, ulijulishwa na hukufanya kitu, kutoridhika na mgawo hakutaifuta granti.

Nimeletewa fomu ya kukubali mgawo nitie saini. Nifanye nini?

Usisaini kabla hujausoma mgawo wote. Saini hiyo itawasilishwa siku ya uthibitisho kama ushahidi kwamba umeridhika, na kuikana baadaye ni kazi ngumu. Kama hukubaliani, wasilisha kiapo cha kupinga uthibitisho kabla ya tarehe ya kusikilizwa, na uhudhurie siku hiyo. Ombi la kifungu cha 26 nalo liwe kwenye faili siku hiyo. Kiapo cha kupinga peke yake si mbadala wake.

Gharama ni za nani, na tunaweza kuelewana nje ya mahakama?

Katika mirathi mara nyingi kila upande hubeba gharama zake, ingawa anayeleta madai ya uongo, hasa ya kughushi, anaweza kuamriwa alipe za wenzake. Linganisha ada ya wakili na fungu unalotarajia. Kupigania Sh300,000 Mahakama Kuu kwa miaka minne ni hasara hata ukishinda.

Mahakama zenyewe huzipeleka kesi nyingi za mirathi kwa wapatanishi. Mkikubaliana, maelewano yaandikwe na kuwasilishwa mahakamani yawe amri. Yataje kila ardhi kwa namba ya usajili, ukubwa wa kila kipande, nani atamlipa mpimaji, na tarehe ya kukabidhi. Makubaliano yanayosema tu «atapewa sehemu upande wa chini» hurudi mahakamani siku mpimaji anapofika na vigingi vyake.